Kidani cha bibi na sarafu ya 1780

SWALI: Shikamoo, shangazi. Bibi yangu, mzaliwa wa Oman, ameniachia kidani cha fedha chenye kijisanduku na sarafu ya 1780. Je, ndio umri wake? Sonara anataka kukiyeyusha anitengenezee bangili za harusi.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimpe! Sarafu hiyo ni riale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Alifariki 1780, na mwaka huo uliendelea kugongwa kwenye riale zake hadi karne ya 20, kwa hiyo hautoi umri wa kidani. Masonara wa Oman waliziyeyusha wapate madini ya fedha ya kutengenezea mapambo.

Kijisanduku ni hirizi. Humo hutiwa karatasi ya aya za Qurani, kinga ya bibi harusi dhidi ya kijicho. Mama yangu alikuwa na kidani kama hicho. Nikimlalia kifuani nilisikia njuga zake. Kilikuwa mali yake mwenyewe, akiba ya siku ya dhiki, si cha mume. Vingi viliyeyushwa wenye navyo walipofariki, ndiyo maana vya zamani ni adimu.

Weusi ulio kwenye nakshi uache. Kipanguse kwa kitambaa laini kikavu, ukivae.