Dai fidia yako kabla hakimu hajatoa adhabu

Duka la ushonaji la dada yangu lilipovunjwa na cherehani kubebwa, jirani walitwambia tushukuru kwamba angalau mwizi amekamatwa. Tulishukuru, lakini kukamatwa kwake hakukulipa kodi ya chumba wala kurudisha wateja, na ndiyo sababu niliisoma Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014, iliyotungwa kwa agizo la Ibara ya 50(9) ya Katiba ya Kenya.

Kifungu cha 23 kinampa mwathiriwa haki ya kurejeshewa mali au kulipwa fidia na mkosaji. Hasara zinazotambuliwa ni nyingi kuliko watu wanavyodhani: mali iliyopotea au kuharibika, kukosa kuitumia, matibabu ya mwili na ya akili, hata nauli na malazi. Kwa hivyo, tangu siku unapopewa nambari ya OB (kitabu cha polisi cha kuandikia matukio), hifadhi kila risiti na uandike nambari za mashine au simu zilizoibwa. Nambari hizo ndizo zilizothibitisha kwamba cherehani zilizokuwa zimeshikiliwa kituoni kama vielelezo zilikuwa za dada.

Usitarajie kiongozi wa mashtaka akuombee fidia bila kukumbushwa, kwa kuwa ana faili tele na anaiwakilisha Jamhuri, si wewe. Mkabidhi orodha ya hasara kwa maandishi mapema, na umweleze kwamba ungependa kutoa taarifa ya jinsi uhalifu ulivyokuathiri mara tu mshtakiwa akipatikana na hatia, maana hapo ndipo hakimu hupima adhabu na fidia. Mwaka 2020, katika kesi ya Waswa dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki mwenyewe au kupitia wakili, ila asigeuke kiongozi wa mashtaka wa pili.

Jamaa za mshtakiwa wakija na pesa usiku (na huja), waelekeze mahakamani. Kupokea pesa ili kuficha kosa kubwa kunaweza kukupandisha kizimbani wewe mwenyewe.

Jambo moja linaudhi: amri ya fidia dhidi ya mtu asiye na kitu haizai shilingi. Mwulize afisa mpelelezi mapema kama mshtakiwa ana pikipiki, shamba au mshahara, kwa sababu majibu hayo ndiyo yatakayoonyesha kama inafaa kumlipa wakili ufungue kesi ya madai.