"Acha ushenzi": ukiambiwa hivyo Tanga, umetukanwa?

Mkuu, umeuliza kama jirani yako wa Ngamiani amekutukania kabila, wewe mtu wa Tabora, aliposema "acha ushenzi" kisa umeingia uani kwake bila hodi. Mimi nimezaliwa Ngamiani hapo hapo na neno hili nimelisikia kwa kila sauti. Kabila halimo. Umekaripiwa.

"Acha ushenzi" linagonga kitendo: kuingia uani wanamokaa wanawake, kuwapita wazee barazani bila shikamoo, kufunua sufuria isiyokuwa yako. Bibi yangu alikuwa akitwambia hivyo sisi wajukuu zake wa damu, kisha tunakula naye sinia moja. "Mshenzi wewe!" ni jambo jingine. Hapo umeguswa mwenyewe na waliokulea, kwamba nyumbani hukufunzwa. Watu wamefikishana kwa balozi wa nyumba kumi kwa neno hilo.

La kukasirikia ni "washenzi", la wingi, hasa likifuatana na "watu wa bara". Na kwa bahati mbaya historia yake inapita kwenu. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, huko huko kwenu Tabora, ilikuwa ikiteremkia Bagamoyo, na wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi. Mtu wa pwani aliyezaliwa huru, Mwislamu, ana kanzu yake na nyumba mjini, alijiita muungwana. Aliyetoka bara, hata kama ndiye aliyebeba mali iliyomtajirisha huyo muungwana, akaitwa mshenzi. Hapo hapakuangaliwa adabu, iliangaliwa asili. Na ni sisi hao hao tunaosema muungwana ni vitendo! Mimi methali naishika, hesabu za ukoo siziafiki, na mzee akizileta barazani namjibu, kwa heshima zote.

Vijana wakisema "baridi kishenzi" au "ana hela kishenzi", wanamaanisha nyingi mno, basi. Dharau imeshatoka humo, ila usijaribu kulisema mbele ya mama mkwe.

Kwa jirani yako, usimrudishie neno hilo hata kwa utani, hamjazoeana kiasi hicho. Nenda jioni, simama mlangoni, piga hodi hadi tatu. Kimya? Rudi zako. Akiitika "karibu baba", ingia, mwamkie, wala kisa cha jana usikianze wewe.