Je, Bastola Nyumbani Itanilinda?

SWALI: Afande, salamu kutoka Busia, Uganda. Ninauza mahindi na maharage karibu na mpaka, na mara nyingi mauzo ya jioni hulala nyumbani kwangu hadi benki ifunguliwe. Mwezi uliopita majambazi wenye mapanga walivunja mlango wa jirani yangu saa nane ya usiku. Nina mke na watoto watatu, mdogo akiwa na miaka minne, na mama yangu mzazi analala katika nyumba ndogo nyuma ya uwanja. Ninafikiria kuomba leseni ya bastola. Je, ni jambo la busara? Na nikiipata, niihifadhi vipi ili iwe tayari wakati wote bila kuwahatarisha watoto?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana, na umfikishie jirani yako pole zangu. Hofu yako ina msingi. Nimewafundisha walinzi na raia wenye leseni kutumia silaha kwa miaka mingi, na ninajua panga linavyomnyima mtu usingizi hata baada ya majambazi kwenda zao. Hata hivyo, kwa nyumba uliyoieleza, ninakushauri usiombe bastola, na sababu kubwa imo katika sehemu ya mwisho ya swali lako. Unataka silaha iliyo tayari wakati wote, na wakati huohuo isiweze kumdhuru mtoto. Kwa bastola, mambo hayo mawili hayapatikani pamoja.

Bastola iliyohifadhiwa inavyostahili haina risasi ndani, imefungiwa katika kasha la chuma lililokazwa kwa boliti ukutani au sakafuni, risasi zake zimefungiwa mahali pengine, na funguo zote anazo mwenye leseni peke yake. Sasa jaribu kuifikia saa nane ya usiku, umeme umekatika, mlango unapigwa kwa gogo na watoto wanalia. Utafute funguo, ufungue kasha la kwanza, ufungue la pili, uchomeke magazini, yaani kile kisanduku kinachobeba risasi, mpaka uisikie imeshika, ukoki ili risasi iingie kwenye chemba, yaani nafasi iliyo nyuma ya mtutu ambamo risasi hufyatuliwa, na hapo ndipo uweze kuelekeza mtutu. Niliwahi kumfanyisha mfanyabiashara mmoja zoezi hilo nyumbani kwake, gizani, bila jambazi yeyote mlangoni. Alihitaji zaidi ya dakika moja, na mara ya kwanza aliangusha magazini ikaingia chini ya kitanda, tukaitafuta kwa tochi. Mwaka 1983 mkufunzi wa polisi wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, alieleza kwamba mtu mwenye kisu aliye umbali wa futi 21, yaani kama mita sita na nusu, anaweza kukufikia kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi. Pima sebule yako uone kama inafika urefu huo.

Wengi wanaoligundua hilo huamua kufupisha safari: bastola hukaa chini ya mto au juu ya kabati, ikiwa imejaa risasi. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi mkubwa. Mtoto wa miaka minne hupanda kabati, huijua kila sehemu mnayoficha sukari, na akitumia vidole gumba vyote viwili anaweza kukibonyeza kifyatulio. Watu wazima nao hukosea, hasa katika jambo moja ambalo sichoki kulirudia darasani: kuchomoa magazini hakuitoi risasi iliyokwisha kuingia kwenye chemba. Mtu huiona magazini iko mkononi, huamini silaha ni tupu, kisha hufyatua ili ahakikishe. Mmoja wa wateja wangu alifanya hivyo asubuhi, mezani, baada ya chai. Risasi ilitoboa mlango wa mbao na kuingia katika godoro ambalo binti yake alikuwa ameliacha muda mfupi kabla, akaenda shule. Nilikiona kitundu kile kwenye shuka, nami tangu siku hiyo hulianza kila somo na chemba kabla ya jambo jingine lolote.

Utafiti uliofanyika kwa makini kuhusu bunduki za nyumbani umetoka zaidi Marekani, na si haki kuuhamishia Busia mzimamzima, lakini kuna takwimu moja ninayoiona ya kufaa. Daktari Arthur Kellermann na mwenzake walichunguza vifo vya risasi katika wilaya ya King, jimbo la Washington, kuanzia mwaka 1978 hadi 1983, na taarifa yao ikatoka mwaka 1986. Katika nyumba zilizokuwa na bunduki walihesabu vifo 398. Ni viwili tu ambapo aliyeuawa alikuwa mvamizi aliyepigwa risasi akijaribu kuingia, na sehemu kubwa ya vifo vilivyobaki ilikuwa ya watu waliojiua. Waliowapinga walisema kwamba utafiti ule ulihesabu maiti tu, haukuwahesabu wezi waliokimbia baada ya kuona mtutu, na hoja hiyo ni ya haki. Lakini haiondoi ukweli kwamba bunduki hukaa nyumbani siku zote za mwaka, pamoja na siku ya ugomvi na siku ambayo mmoja wenu amezidiwa na majonzi, wakati mwizi huja usiku mmoja, au haji kabisa.

Nami ninamfikiria mama yako. Analala nyuma ya uwanja. Akizidiwa na homa usiku atakuja kugonga mlango wa nyuma, au atausukuma. Wewe uliyeamka ghafla, moyo ukikudunda, utaona kivuli tu. Tena risasi ikikosa shabaha haisimami: hupita kwenye mlango wa mbao na kwenye ukuta wa mabati, na huenda ukajua ilikotua baada ya kusikia yowe la jirani.

Kuhusu sheria, maombi huanzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, hupitia polisi na kamati ya usalama ya wilaya, na kuishia makao makuu ya polisi Naguru. Cheti hutolewa kwa mtu, si kwa nyumba. Ukisafiri kwenda Mbale kununua mahindi, mke wako hana ruhusa ya kuigusa bastola hiyo, ingawa huenda usiku huo ndio atakaovamiwa. Nguvu ya kujitetea nayo isizidi ile iliyohitajika kuzuia shambulio, kwa hiyo ukimpiga risasi mgongoni mwizi anayekimbia na gunia lako, mshtakiwa utakuwa wewe. Zaidi ya hayo, silaha yenyewe huwindwa. Mwishoni mwa Oktoba 2022 huko Busiika, wilayani Luweero, kituo cha polisi kilivamiwa, askari wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Ikiwa kituo kilivamiwa, nyumba ya muuza mahindi inayojulikana kuwa na bastola haiwezi kujidhani salama.

Fedha za leseni, kasha na mafunzo uzielekeze kwenye kile kilichowavuta majambazi, yaani hela ya jioni. Kabla hujafunga duka, iweke kwenye simu kupitia kwa wakala, hata ikiwa kwa makato kidogo, na wapagazi wako waione ikiondoka. Kisha tazama milango. Majambazi wengi hawapambani na kitasa. Hung'oa fremu nzima, kwa sababu fundi aliipigilia misumari mifupi. Fremu ya chuma iliyozamishwa kwenye zege, bawaba zikiwa upande wa ndani na makomeo mawili, juu na chini, huwachelewesha kwa dakika kadhaa za kelele, na kelele hawaitaki. Chumba chenu cha kulala nacho kipate mlango imara, simu yenye chaji ikae humo, na watoto wazoee kukimbilia humo mnapowaita. Namba ya polisi ni 999 au 112, lakini pateni pia namba ya mkuu wa kituo kilicho karibu. Kaeni na majirani na mwenyekiti mkubaliane ishara moja, filimbi au king'ora, ambayo ikilia kila nyumba inawasha taa na kupiga kelele.

Ikiwa baada ya haya yote bado utaomba leseni, ihifadhi kama nilivyoeleza mwanzoni, bila kufupisha chochote, na ukubali kwamba haitakuwa tayari.

Leo jioni anza na mlango wa nyuma: utikise fremu kwa mikono miwili, na ikicheza mwite fundi wa chuma kesho. Halafu vuta waya wa kengele kutoka kitandani kwa mama hadi chumbani kwenu, ili akikuhitaji usiku abonyeze na kukungoja, asilazimike kuvuka uwanja gizani.