Uanzie wapi unapoongoza uandaaji wa mtaala wa uhuru wa kujieleza

Mwalimu mwenzangu, umeeleza kwamba chuo chenu hapo Kenya kimekukabidhi uongozi wa kuandaa mtaala wa uhuru wa kujieleza, na unauliza uanzie wapi. Nakushauri uanzie kwenye Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010, hasa kwenye mipaka yake, kwa sababu mwanafunzi anayejua kwamba ibara hiyo hailindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki, lakini hajawahi kuipima mipaka hiyo kwa kesi halisi, atakuwa amekariri tu. Mpe hukumu ya Mahakama Kuu ya Februari 2017, iliyobatilisha kosa la jinai la kukashifu chini ya kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, aisome yote, kisha atetee upande asioupenda. Zoezi hili nalithamini kuliko mihadhara mingi. Azimio la Kampala la 1990 kuhusu uhuru wa kitaaluma nalo lisikosekane. Washirikishe wanafunzi tangu rasimu ya kwanza, kabla haijafika seneti ya chuo. Tafadhali pia, dai kanuni ya maandishi itakayomlinda mhadhiri na mwanafunzi kwa hoja watakazotoa darasani. Mimi nisingekubali kuanza kufundisha bila hiyo.