Kadi Inayojitegemea Ndiyo Msingi wa Deki ya Kombo

Wengi wanaojenga deki (rundo la kadi za kuchezea) ya kombo katika mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering huanza na kadi mbili zinazomaliza mchezo zikikutana, kisha hujaza nafasi zilizobaki kwa chochote kinachoonekana kusaidia. Mimi hushauri kwamba kabla ya kuuliza kadi hizo zitafanya nini zikiwa pamoja, uulize kila moja itakufaa nini ikiwa peke yake mkononi, kwa kuwa katika michezo mingi utakaa muda mrefu ukiwa na nusu tu ya kombo.

Hesabu inaonyesha hivyo. Katika deki ya kadi 60, kanuni kwa kawaida huruhusu hadi nakala 4 za kadi moja. Anayecheza wa pili huwa ameona kadi 11 kufikia zamu yake ya nne, na uwezekano wa kuwa amepata nusu zote mbili, kila moja ikiwa na nakala 4, ni takriban asilimia 31. Ukiongeza kadi mbadala hadi kila upande uwe na 8, uwezekano hupanda kufikia karibu asilimia 67, lakini kadi hizo 16 hula nafasi za kutafuta na za kulinda.

Mfano ninaoupenda ni Splinter Twin inayobandikwa juu ya kiumbe aitwaye Deceiver Exarch. Kiumbe huyo akilazwa (kadi yake ikigeuzwa upande kuonyesha imetumika) hutoa nakala yake, nakala ikiingia humsimamisha yule wa asili, naye hutoa nyingine, hadi jeshi lisilo na kikomo limshambulie mpinzani zamu hiyohiyo. Splinter Twin ilipigwa marufuku katika mfumo wa mashindano uitwao Modern Januari 2016, ikarejeshwa Desemba 2024. Tazama jinsi nusu hizo zisivyolingana: Exarch huweza kuchezwa katika zamu ya mpinzani na hustahimili kadi ya Lightning Bolt, kwa kuwa ana uhimilivu wa 4, yaani hufa kwa madhara ya 4, nayo hudhuru kwa 3 tu, ilhali Splinter Twin isiyo na kiumbe wa kubandikwa ni mzigo mtupu. Kwa hiyo mimi huongeza viumbe na kupunguza ile inayobandikwa, kisha nafasi zinazopatikana huzipa kadi za kuchungulia rundo na za kuzuia.

Mezani, jambo gumu ni kusubiri. Mpinzani akiwa na mana (nguvu ya kulipia kadi, itokayo kwenye kadi za ardhi) ya kutosha kumuua Exarch kabla Splinter Twin uliyoicheza haijabandikwa, utapoteza kadi mbili kwa moja yake, hasara ambayo ni nadra kuifidia. Mcheze Exarch mwishoni mwa zamu ya mpinzani, ulaze ardhi yake moja: ama atatumia jibu lake hapo hapo, ama atabaki na mana pungufu zamu yako itakapoanza. Usipokuwa chini ya shinikizo, ngoja hadi uwe na kadi ya kulinda pia.

Mkono wa kwanza nao uupime hivyohivyo. Mkono wenye ardhi tatu na kadi mbili za kutafuta naupokea kwa moyo mweupe kuliko wenye kombo nzima na ardhi moja.

Kuanzia mchezo wa pili, mpinzani huongeza kadi za kuua viumbe kutoka akiba yake ya kadi 15. Hapo mimi hutoa baadhi ya Splinter Twin na kuingiza viumbe wanaoweza kushinda kwa mapigo ya kawaida, huku zile chache zilizobaki zikimlazimu aendelee kuacha mana bila kuitumia kila zamu.