Kabla hujaisoma lakiri, tia mkono kwenye tundu la pembe

Wiki yako ya kwanza bandarini utatumwa kusoma namba. Usidhani unadharauliwa. Mimi nilidhani hivyo, nikaandika 3 kwenye namba ya lakiri, kile kifungo cha mlango wa kontena, palipokuwa na 8, na kontena la mteja likalala siku nne likila tozo. Nilizilipa mwenyewe, kidogo kidogo, kwenye mshahara wa kwanza na wa pili.

Mkubwa wangu wa kazi hakunigombeza. Alinipeleka kwenye kontena la futi 20, akasema tia mkono hapa. Pembe zote nane zina matundu. Kreni inashusha fremu yake, pini nne zinaingia kwenye matundu ya juu, zinajizungusha robo duara, mzigo unapaa. Tundu ni lile lile Dar es Salaam, Singapore na Rotterdam. Ujanja wote uko hapo. Sanduku lenyewe hata fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, angelichomelea.

Lilianza Aprili 26, 1956, meli Ideal X ilipotoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Mwenye meli, Malcom McLean, alikuwa mtu wa malori, bahari aliijulia ukubwani. Kupakia tani moja kwa mikono kuligharimu karibu dola 6. Kwa kontena, karibu senti 16. Hata hivyo kila kampuni ilikuwa na vipimo vyake, mpaka McLean alipoachia hataza (haki ya mbunifu) ya zile pembe na vipimo vya kimataifa vikakubaliwa miaka ya 1960. Kisha ikaja vita ya Vietnam: meli zake zilipeleka vifaa vya jeshi, na badala ya kurudi tupu zikapitia Japani kubeba bidhaa za viwandani. Tangu hapo kiwanda hakikulazimika kukaa karibu na mnunuzi. Shati unaloligomboa leo limeshonwa mbali kwa sababu nauli yake kwenye meli ni ndogo mno.

Waliolipia ni makuli. Magati ya zamani ya London yalifungwa moja baada ya jingine kati ya 1967 na 1981. Na sisi tunao wetu: mgomo wa Septemba 1947 ulianzia kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ukasambaa kwa kufuata reli, kwa kuwa meli haikushusha mzigo bila mikono yao. Leo dereva mmoja wa kreni anashusha kazi ya genge zima. Wazee wa Kurasini wakilisema hilo, wasikilize, usiwabishie.

Kuli aliliona gunia, akajua limechanika au limelowa. Wewe huoni kitu. Mlango umefungwa China, na macho uliyonayo ni karatasi na lakiri. Kwa hiyo nendeni wawili: mmoja asome kwa sauti namba ya kontena, herufi nne na tarakimu saba, halafu lakiri, mwingine aandike. Mkimaliza mpokezane, msome upya.