Korona iliikwamishaje kingatiba ya matende

Ndugu yangu, umeuliza korona ilikwamishaje kingatiba ya matende, yaani vidonge wanavyogawiwa watu kuzuia ugonjwa huo, wakati vidonge vilikuwepo. Shida ni ugawaji wenyewe. Mgawa dawa anapita nyumba kwa nyumba, anamsimamisha mtoto kwenye kijiti cha kupimia urefu, anamwekea vidonge kiganjani, anasubiri ameze. Bila kusogeleana haiwezekani. Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani likashauri kampeni hizo ziahirishwe. Julai likatoa mwongozo wa kuzirejesha kwa tahadhari.

Na kuruka mzunguko mmoja wa ugawaji si kitu kidogo, inaniuma nikisikia watu wakisema "watameza mwakani". Dawa huua minyoo wachanga wa matende walio kwenye damu, lakini wale wakubwa huishi miaka kadhaa wakiendelea kuzaa. Ukiruka mwaka, damu inajaa tena minyoo wachanga na mbu wanapata cha kusambaza.